Barua Ndani ya Faili la Marehemu

Wengi waliokuja kumzika hawakulijua jina lake la ubatizo mpaka walipolisoma kwenye msalaba. Kazini, mtaani, hata kwenye kwaya, aliitwa Tarakimu. Kwa miaka ishirini na sita mama huyu alikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali ya serikali. Kazi yake ilikuwa kusoma alichoandika daktari, kukitafutia msimbo wake wa herufi na tarakimu katika vitabu vitatu vinene, na kuuandika kwenye jalada la faili kwa kalamu nyekundu. Misimbo hiyo ilikwenda wizarani kuhesabiwa, na ilirudi wodini kila mgonjwa alipofika tena, ili daktari mpya ajue alipoishia daktari wa zamani.

Akiumwa kichwa alisema, "Leo R51 imenikalia." Karani mwenzake aliyekula kiporo akashinda chooni kutwa nzima alimwita A09 tangu siku hiyo, na yule bwana aliitika mpaka alipostaafu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyewe alibaki na uso uleule, uso wa mtu aliye katikati ya kuhesabu.

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Karani haandiki ugonjwa ambao daktari hakuuandika. Na daktari akiandika "inashukiwa," karani anauacha ule unaoshukiwa, anaandika uliothibitishwa tu. Makarani wapya aliwafundisha hilo siku ya kwanza, kabla hata ya kuwaonyesha choo kilipo. "Ukiandika shaka kama hakika," aliwaambia, "umempa mtu ugonjwa kwa kalamu."

Ni kanuni nzuri, na aliifuata hata siku ambayo angekuwa na kila sababu ya kuisahau.

Mdogo wake wa mwisho, ambaye alimbeba mgongoni walipokuwa wadogo, alijifungua mtoto wa kiume aliyezaliwa na mikunjo kwenye paji la uso. Wakamwita Babu. Babu alichanjwa chanjo ya kifua kikuu siku ya pili ya maisha yake kama watoto wote, lakini kidonda chake cha begani kiligoma kupona. Tezi ya kwapani ikavimba, ikatunga usaha. Ukaja upele, yakaja majipu, likaja jipu kwenye ini, na nimonia ikaja mara tatu. Mara ya sita kulazwa, daktari wa watoto wa wakati ule aliandika: "Nimonia kali. Inashukiwa ugonjwa wa kinga wa kurithi. Damu imepelekwa maabara kuu." Babu alifariki siku ya tatu. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba.

Faili lake likaletwa mezani kwa Tarakimu kama mafaili mengine.

"Lete, hilo nitalifanya mimi," A09 alimwambia.

"Hapana. Ni la kwetu."

Aliandika J18.9, nimonia, huku machozi yakimdondokea mkononi. Mstari wa pili aliuacha. Mwezi uliofuata daktari yule alihamishwa. Nyumbani Tarakimu hakusema lolote. Aliona si kazi ya karani kumpelekea mama aliyefiwa neno ambalo daktari mwenyewe hakuwa na hakika nalo. Alimwombea Babu, akamwombea mdogo wake, akaendelea na kazi.

Miaka mitatu ikapita, na mdogo wake akapata mimba nyingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mtoto alizaliwa alfajiri, salama, na Tarakimu alipofika kazini saa mbili alikuwa ameshapigiwa simu na shemeji yake aliyekuwa safarini, akicheka na kulia kwa pamoja: "Shemeji, ni dume! Dume!" Aliingia ofisini akiimba. Juu ya rundo la asubuhi aliikuta kadi ya mtoto mchanga, imeletwa kufunguliwa faili. Aliichukua kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu cha altareni.

Uzito, kilo tatu na robo. Jinsia, mume. Watoto waliotangulia: mmoja, marehemu. Sababu ya kifo: J18.9.

Akaacha kuimba.

Ule msimbo ulikuwa wake. Mkunga aliunakili kutoka kwenye faili la mama, na faili la mama liliupata kutoka kwenye faili la Babu, na faili la Babu liliupata kwenye kalamu yake. Yeyote atakayeisoma kadi hii ataona familia ambayo mtoto wao alikufa kwa kifua, basi. Na Tarakimu akauona tena, kama umeandikwa ukutani, ule mstari wa pili aliouacha. Damu imepelekwa maabara kuu. Majibu yalikwenda wapi?

Alitazama saa ya ukutani. Saa mbili na dakika arobaini. Chanjo ya watoto wachanga ilianza saa nne.

Yeye hakuwa daktari, lakini mtu aliyesoma mafaili ya watoto kwa miaka ishirini na ushee anaokota mawili matatu. Alijua kwamba chanjo ya kifua kikuu ina vijidudu hai vilivyopunguzwa nguvu. Kwa mtoto wa kawaida vijidudu hivyo ni walimu tu, wanaufundisha mwili. Kwa mtoto ambaye kinga yake ina kasoro, ni adui aliyefunguliwa mlango. Alikumbuka bega la Babu. Alikumbuka harufu ya ile bandeji.

Akachukua funguo, akashuka chini.

Mafaili ya marehemu yalikuwa kwenye chumba cha chini, nyuma ya chumba cha kufulia, chini ya usimamizi wa mzee mmoja mwenye kikohozi ambaye wafanyakazi walimwita Vumbi. Alikuwa akipanga maboksi kwa mwendo wake wa kila siku, boksi moja, pumzi tatu.

"Karibu, mama. Marehemu yupi leo?"

Tarakimu alimtajia namba ya faili bila kuangalia popote.

"Mwaka huo maboksi yake yako chini kabisa, mama, kule bomba linakovuja. Njoo mchana. Hawa wangu hawana haraka."

"Huyu ana haraka, mzee. Nisaidie."

Vumbi akamtazama, akaacha utani. Wakaanza kuhamisha maboksi, yeye huku na mzee kule, vumbi likiwaingia kooni. Boksi la kwanza halikuwa lenyewe. La pili karatasi zake zilikuwa zimegandana kwa maji, ikabidi wazibandue moja moja. Chumba hakikuwa na saa, na simu yake aliisahau mezani. Aliomba chini kwa chini, maneno yaleyale, Bwana usinichelewesha, Bwana usinichelewesha, akijua kabisa kwamba si sarufi nzuri, lakini Mungu haandikiwi insha.

"Hili hapa," Vumbi alisema.

Lilikuwa jembamba kuliko alivyolikumbuka. Ndani ya jalada la nyuma, imebanwa kwa pini iliyoota kutu, palikuwa na barua ya maabara kuu.

Aliisoma akiwa amepiga magoti sakafuni. Damu ya mtoto imepimwa mara mbili. Seli nyeupe zinameza vijidudu lakini haziwezi kuviua. Ugonjwa wa kurithi, umethibitishwa, msimbo D71. Ugonjwa huu kwa kawaida hupitia kwa mama na kuwapata watoto wa kiume. Kisha mstari wa mwisho, umepigiwa mstari chini: watoto wa kiume watakaozaliwa na mama huyu wapimwe kabla ya kupewa chanjo ya kifua kikuu.

Barua ilikuwa imefika miezi minne baada ya mazishi. Juu kwenye kona palikuwa na muhuri wa bluu, IMEPOKELEWA, tarehe, na saini fupi yenye kitanzi mwishoni.

Saini ilikuwa yake.

Akakaa kabisa. Alielewa mambo yalivyokwenda, kwa sababu utaratibu ule aliupanga yeye mwenyewe. Madaktari walikuwa wakilalamika kwamba barua za watu waliokwisha kufa zinajaa mezani kwao. Yeye akaamua kwamba barua ya faili lililofungwa ipigwe muhuri na kuteremshwa moja kwa moja kwa Vumbi. Barua zilimfikia zimeshachambuliwa, zikiwa na namba ya maabara tu juu, bila jina, na Vumbi ndiye aliyezitafutia faili. Aligonga mihuri thelathini, arobaini kwa asubuhi moja. Mmoja katika hiyo aliugonga hapa.

"Mama," Vumbi alisema, "ulisema una haraka."

Akainuka.

Alipofika wodi ya wazazi saa ya korido ilikuwa saa nne na dakika tano. Sista wa chanjo alikuwa ameshafika. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono myepesi na maneno mafupi. Chupa moja ya ile chanjo inatosha watoto ishirini, na ikishachanganywa na maji yake ina saa sita tu za kuishi, kwa hiyo Sista hakuifungua mpaka watoto watimie kumi na zaidi. Leo walikuwa kumi na mmoja. Chupa ilikuwa imefunguliwa. Kina mama walikaa kitandani kwa mstari, kila mmoja amemfunua mwanawe bega, na Sista alikuwa kitanda cha nne. Mdogo wake Tarakimu alikuwa cha saba.

"Sista, naomba huyu wa saba umruke."

"Habari za asubuhi na wewe."

"Nisamehe. Shikamoo. Naomba umruke."

"Marahaba. Sababu?" Sista hakuinua macho. Kitanda cha nne kikalia, akahamia cha tano.

Tarakimu akamwekea barua mbele. Sista akaisoma akiwa ameinua sindano mkono mmoja, mbali na karatasi.

"Hii ni ya mtoto mwingine."

"Ni kaka yake. Soma mstari wa mwisho."

"Nimesoma. Lakini mimi nachanja kwa kadi ya mtoto aliye mbele yangu, na kadi yake haina kitu. Daktari yuko wapi?"

"Chumba cha upasuaji. Wamesema atachukua saa mbili nzima."

"Basi wewe ndiye mwenye kalamu nyekundu," Sista alisema, akaupunguza ukali. "Mwandikie huo ugonjwa kwenye kadi, namba yako na muhuri wako, mimi napita. Mbona rahisi."

Kweli ilikuwa rahisi. Herufi moja na namba mbili. Tarakimu alichomoa kalamu mfukoni, akaifungua, akaishikilia juu ya kadi ya mpwa wake. Kitanda cha tano kikalia. Mtoto huyu hajapimwa. Huenda anao, huenda hana. Akimwandikia D71 leo, kesho na keshokutwa kila atakayemgusa atamtibu kama mgonjwa, na hakuna atakayepima tena kitu kilichokwisha kuandikwa. Alikwisha kuona msimbo mmoja ulivyosafiri peke yake kutoka faili hadi faili.

"Siwezi. Sijui kama anao."

Akaandika Z83.2, akapiga muhuri wake mdogo wa mfukoni.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Historia ya familia. Kwamba kwao upo. Hicho ndicho ninachokijua."

Sista akageuza kifuniko cha boksi lake la barafu. Kwa ndani alikuwa amebandika orodha ya watoto wasiochanjwa. Akaipitisha kidole mpaka chini. "Familia haimo, mwenzangu. Ningekuwa na uwezo ningekusaidia. Akatae daktari, au akatae mama wa mtoto. Mama akikataa, naandika 'mama amekataa,' nasonga mbele."

Wote wawili wakageuka kitanda cha saba. Mdogo wake alikuwa akiwatazama kwa muda, bega la mtoto limeshafunuliwa, dogo, jekundu.

"Dada, kuna nini?"

"Mdogo wangu, usikubali achanjwe leo. Tusubiri daktari."

"Kwa nini nikatae?" Sauti ilipanda mara moja. "Mtoto wa kwanza amekufa kifua, huyu nimnyime chanjo ya kifua? Sista, njoo. Mimi nataka kila kinga iliyopo. Ikiwepo mbili, mpe mbili."

"Ni kidogo tu, mpaka saa sita..."

"Dada, wewe kazi yako karatasi. Niachie mtoto wangu."

Sista alimaliza cha sita. Mama wa kitanda hicho, aliyekuwa amesikia yote, alimfunika mwanawe haraka kama aliyeiba. Sista akavuta kigari chake kidogo mpaka kati ya kitanda cha sita na cha saba, akavuta dawa kwenye sindano mpya, akasubiri. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapa nafasi kwa kadiri alivyoweza, akijifanya anatafuta pamba.

Tarakimu alipiga magoti kando ya kitanda. Angeweza kusema, kuna barua imeonekana leo. Ingekuwa kweli, nusu yake. Lakini mdogo wake alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini leo, na angeuliza.

"Babu hakufa kwa kifua peke yake," alisema. "Alikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao, wa kinga. Daktari alishuku, akapima. Majibu yalikuja. Hii hapa. Nadhani chanjo hii ndiyo iliyomharibu bega, na barua inasema mdogo wake wa kiume apimwe kwanza."

"Yalikuja lini?"

"Miezi minne baada ya kumzika."

"Miaka mitatu hii." Alisema polepole, kama anayehesabu kwa vidole. "Nani alikuwa nayo?"

"Ilikuwa stoo."

"Sikuuliza ilikuwa wapi. Nani aliipokea?"

Tarakimu aliiweka barua juu ya shuka, akaweka kidole kwenye ule muhuri wa bluu.

"Mimi. Niligonga bila kusoma, nikaiteremsha. Na kabla ya hapo daktari aliandika kwamba anashuku, nikaliona neno hilo, nikaliacha. Sikukwambia. Nilidhani nafuata utaratibu."

Mdogo wake aliitazama ile saini. Aliijua, ilikuwa kwenye daftari zake zote za shule, kwa sababu dada yake ndiye aliyekuwa akisaini mahali pa mzazi.

Sista alisubiri sindano ikiwa juu.

Kisha mdogo wake Tarakimu akalivuta blanketi, akalifunika bega, akaikunja ncha chini ya kidevu cha mtoto.

"Sista," alisema, "pita. Andika nimekataa."

Sista akaandika, akahamia kitanda cha nane. Mdogo wake akageukia ukutani na mtoto wake. "Na wewe toka," alisema. "Toka, Dada, kabla sijasema neno la dhambi."

Tarakimu alitoka. Alikaa nje ya chumba cha upasuaji kwenye benchi, barua mapajani, mpaka daktari wa watoto alipotoka akivua glavu. Alikuwa kijana mgeni, wa miezi miwili tu hapo. Aliisoma barua amesimama, akaisoma tena amekaa.

"Mtoto ameshachanjwa?"

"Mama amekataa."

"Mungu mkubwa," daktari alisema, na haikuwa namna ya kusema tu. Alikwenda wodini moja kwa moja, akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa kwamba asichanjwe BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, mpaka majibu yatoke, akasaini, akatoa damu. Mama akamuuliza kama ugonjwa umetoka kwake. Daktari akamjibu kwamba umepitia kwake kama rangi ya macho inavyopitia, bila yeye kuchagua, na kwamba kosa ni neno la kutumia kwa jambo lingine.

Majibu yalichukua siku kumi na moja. Siku hizo Tarakimu hakukanyaga kwa mdogo wake. Alikwenda kazini, akafuta ule utaratibu wake wa barua za marehemu kwa waraka alioupeleka kwa mkuu wa kitengo ukiwa na maelezo ya kosa lake, jina lake kamili chini. Jioni alikwenda kanisani akakaa viti vya nyuma. Wimbo haukumtoka. Alikonda mpaka A09 akamletea uji ofisini na kusimama juu yake kama askari.

Siku ya kumi na mbili mdogo wake alisimama mlangoni pa ofisi ya kumbukumbu, mtoto kifuani, bahasha mkononi. Hakuketi alipokaribishwa.

"Anao," alisema. "Kama kaka yake. Daktari anasema kwa kuwa hakuchanjwa, kuna dawa za kumeza kila siku, na ataishi nazo. Anasema wapo waliokua wakazaa. Kuna karatasi nyingi. Kila mwezi kliniki, kila mwezi karatasi."

Tarakimu aliiweka chini kalamu nyekundu. Alikuwa amesimama, mikono imening'inia.

"Sijakusamehe," mdogo wake aliendelea. "Namwomba Mungu anipe, hajanipa bado. Lakini sikiliza. Hakuna karatasi ya mtoto huyu itakayoingia kwenye faili lolote kabla hujaisoma mbele yangu. Yote. Mpaka chini. Kwa sauti, nisikie. Hata kama ni risiti ya pamba."

Akamwekea bahasha juu ya meza, juu ya mafaili ya asubuhi, akavuta kiti cha A09 na kuketi, akimtengeneza mtoto mapajani.

Tarakimu alifungua bahasha. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa tena. Kisha akaanza kusoma, na alianza na tarehe.